Nimejifunza kupanda mawimbi ukubwani, na nina ombi kwa watu wa Kigoma

Mwakeye ndugu zangu wa Kigoma, na Watanzania wote mnaonitazama popote mlipo. Wakubwa zangu, shikamooni. Leo siko Durban, Afrika Kusini, kama mlivyonizoea. Niko nyumbani likizo, hapa ni mwalo wa Katonga, na hiyo mitumbwi nyuma yangu imerudi alfajiri kutoka kuvua. Dagaa wameshaanikwa. Upepo utaingia kwenye sauti, mnivumilie, Septemba bado ni msimu wake.

Niliweka ile picha nimesimama juu ya ubao katikati ya povu la bahari, na maswali yakawa mengi. Mama mmoja wa Mwanga aliniandikia hivi: "Mwanangu, kwa umri huo unatafuta nini baharini?" Mama, swali lako nimelichukua kwa uzito wote. Nakujibu wewe kwanza, wengine watasikiliza.

Nimevuka arobaini, mama. Nimezaliwa Ujiji, na ziwa hili nimeliona kila siku ya utoto wangu, lakini niliondoka nchini sijui kuogelea. Wanawake niliosoma nao, wengi wao hadi leo hawajui. Kaka zetu walijifunza wenyewe kwa kuruka kutoka kwenye mitumbwi iliyofungwa. Sisi tulikwenda ziwani kufua na kuosha vyombo, na maji yakipita magoti unasikia sauti ya mama nyuma yako: rudi! Wazazi wetu walikuwa na sababu. Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi, na kuna sehemu nyingi za mwambao ambapo ukitoka kwenye mawe, hatua chache tu mbele, mguu haupati pa kukanyaga. Kumkataza mtoto ndiyo kinga waliyokuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa kuja baadaye na kusema: sasa umekua, njoo nikufundishe.

Mtu huyo nilimkuta Durban.

Katikati ya mji ule kuna ufukwe mrefu wenye magati yanayoingia baharini. Kabla jua halijachomoza unaona watu wa kila rangi na kila umri wanavuka barabara na mbao kwapani, wakapande mawimbi kidogo kisha waende kazini. Mimi napita pale asubuhi nikienda saluni ninakofanya kazi. Nikawa nasimama kuwaangalia. Kuna asubuhi nikaona kundi la akina mama wa makamo, wengine wana wajukuu, wamelala kifudifudi juu ya mbao, na mbao zenyewe ziko mchangani. Nikasogea kuuliza. Wakaniambia ni darasa la watu wazima wanaoanza.

Nataka mjue kwa nini darasa lile lilijaa akina mama wa Kizulu. Enzi za ubaguzi wa rangi kulikuwa na sheria ya mwaka 1953 iliyogawa huduma za umma kwa rangi ya mtu, na fukwe zilikuwemo. Fukwe nzuri za Durban walitengewa Wazungu. Nyavu za kupunguza papa zilianza kutegwa pale mwaka 1952, waokoaji walikuwepo, lakini hayo yote hayakuwa ya mtu mweusi. Sheria ile ilifutwa mwaka 1990. Sasa msichana wa Kizulu wa miaka ya sabini angejifunzia wapi kuogelea? Na alipokuwa mama, angemfundisha nini mwanawe kuhusu maji zaidi ya kumwambia akae mbali nayo? Mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu alisema, "Nimeishi maisha yangu yote kwenye mji wa bahari, bahari nimeigusa nikiwa bibi." Neno lile liliniingia sana. Yeye alizuiwa na serikali. Mimi sikuzuiwa na sheria yoyote, na bado tulikuwa tumelala kwenye mchanga mmoja, tunaanza pamoja.

Kuna walioandika kwamba mchezo huu ni wa Wazungu, tumewaiga tu. Hapana jamani. Dunia imeupata kwa watu wa visiwa vya Hawaii, na aliyeutembeza zaidi ni Duke Kahanamoku, Mhawaii mwenyewe, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea mwaka 1912. Na kwetu Afrika, mfanyabiashara Mjerumani aliyefika pwani ya nchi tunayoiita leo Ghana, miaka ya 1640, aliandika kwamba aliona wazazi wakiwafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatupa majini ili wajifunze kuogelea. Leo kuna Khadjou Sambe wa Senegal, binti wa Ngor pale Dakar, anapanda mawimbi kama kazi. Kuna Michael February wa Afrika Kusini, aliyeingia kwenye mashindano ya ngazi ya juu ya dunia mwaka 2018. Tutoke hapo.

Sasa mafunzo yenyewe, maana hapa ndipo mmeniuliza zaidi.

Huanzi na ubao. Unaanza na bwawa. Nilipelekwa kwanza bwawa la manispaa nikajifunza kuelea, kupumua na kuogelea, na hapakuwa na njia ya mkato. Wapo wanaodhani ubao utawaokoa kwa sababu umefungwa mguuni kwa kamba. Kamba inakatika. Siku ikikatika, unabaki wewe na mikono yako.

Baada ya hapo mwalimu wetu, kijana mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, akatufundisha kuanguka. Kuanguka kabla ya kusimama! Unaanguka bapa, hutangulizi kichwa, kwa sababu penye povu maji yanaweza kuwa mafupi kuliko unavyodhani. Ukiwa chini ya maji unaweka mikono juu ya kichwa, na unapoibuka mikono inabaki pale pale, kwa sababu ubao unaweza kurudi na kukupiga. Na ukiwa umesimama majini, ubao usikae kati yako na wimbi hata mara moja. Wimbi likija litakusukumia kifuani. Ukae upande. Mambo haya aliyarudia kila darasa, tena akitudai tuyaonyeshe kwa vitendo. Kuna akina mama waliokuja wakitetemeka, na baada ya kuanguka na kuibuka, kuanguka na kuibuka, ile hofu ikatulia. Walikuwa wamegundua kwamba wanajua la kufanya wakiwa chini ya maji. Nimelifikiria jambo hili sana tangu nifike hapa Kigoma.

Ubao wa mwanzoni ni mrefu, futi nane hivi au zaidi, mpana, umefunikwa sponji juu ili usikuumize. Unalala katikati yake, vidole vya miguu karibu na mwisho. Ukisogea mbele sana pua ya ubao inazama na unapinduka, ukirudi nyuma sana wimbi linapita na kukuacha. Mwanzoni hufuati mawimbi makubwa, unakaa maji ya kiunoni na kutumia lile povu lililokwisha kuvunjika. Unapiga makasia kwa mikono, unasikia ubao umeshikwa na maji, unaweka viganja chini ya mbavu, unajisukuma, unaleta miguu chini yako, magoti yamekunjwa, macho yanaangalia ufukweni. Ukiangalia miguu yako, unaanguka. Watoto huinuka kwa mruko mmoja. Wengi wetu tulipitia magotini kwanza, na mwalimu hakutukataza.

Tumelelewa na methali ya samaki mkunje angali mbichi. Kwa viungo ina ukweli wake, mgongo wa mtu wa arobaini si wa mtoto wa kumi. Lakini mtu mzima ana subira, anasikiliza anapoambiwa, na akikatazwa kuingia majini haingii. Mwalimu alituambia waziwazi kwamba wanaomtia wasiwasi ni vijana wa miaka kumi na tisa.

Nusu ya mafunzo yalikuwa kuangalia tu. Tunakaa mchangani, hakuna kugusa maji, mwalimu anauliza: mawimbi yanavunjikia wapi? Kwa nini pale kando ya gati hayavunjiki? Mgeni anaona pale pametulia akadhani ni salama. Kumbe pale ndipo maji yaliyosukumwa ufukweni yanapopata njia ya kurudi, na mkondo wake unambeba mtu hadi mbali. Ukinaswa usishindane nao kurudi moja kwa moja, utachoka. Unaogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo unarudi. Na unaoga kati ya bendera za nyekundu na njano, mahali ambapo waokoaji wanakuona.

Nikajifunza pia kwamba wimbi ni upepo uliosafiri. Dhoruba inavuma huko kusini mbali kabisa, karibu na barafu, na kinacholipa wimbi nguvu ni kasi ya upepo, muda uliovuma, na umbali wa maji uliopita juu yake. Hapa kwetu ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, lakini upana wake kwa wastani ni kama kilomita 50. Upepo wa kuvuka kutoka Kongo hauna nafasi ya kutengeneza mawimbi marefu kama ya bahari, ndiyo maana ya kwetu ni mafupi, yanafuatana upesi na kugongana, na boti inarushwa huku na huku. Kwa hiyo sijaja kuwaambia tupande mawimbi Kigoma. Pamoja na hayo, maji yasiyo na chumvi hayakubebi kama ya bahari. Aliyezoea kuelea Durban au Dar es Salaam, akiingia hapa atasikia mwili umekuwa mzito.

Ngoja niwaambie kitu cha Durban ambacho kingewafurahisha. Kuanzia kama Mei hadi Julai, samaki wadogo wanaofanana na dagaa wetu kwa tabia, ingawa wao ni wakubwa zaidi, wanapanda kutoka kusini kwa makundi makubwa mno. Pomboo, papa na ndege wote nyuma yao. Zile nyavu za papa huondolewa majini wakati huo. Wavuvi wanavuta majarife hadi ufukweni, na watu wanakimbilia majini na ndoo, na vikapu, hata na sketi zao, wanachota samaki. Nilipoona mara ya kwanza nililia, kwa sababu ile harufu na zile kelele ni za mwalo kabisa. Ni kama mwalo wetu wa Kibirizi pale.

Na Kibirizi ndiko ninakotaka kuwapeleka. Dada zetu na mama zetu wanapanda boti pale kila siku, na magunia, na madumu ya mawese, na watoto mgongoni, wanakwenda Mwamgongo, wanakwenda Kagunga. Huko boti ndiyo basi lao. Wangapi wanajua kuelea? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya tisa kati ya kumi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, ndiyo sisi. Jaketi okozi ni lazima, sibishani na hilo, ulivae na ulifunge. Ninachoomba ni kiongezwe kitu kimoja: mama afundishwe kulala chali juu ya maji na kupumua, akiwa amevaa nguo zake za safari, mpaka mwili uzoee.

Walimu tunao. Jana nimekaa na baba yangu mdogo, amevua ziwa hili tangu ujana. Akaninyooshea kidole mbali: unaona ule mstari mweusi juu ya maji? Huo ni upepo, unakuja. Ulipofika, mitumbwi yote ilikuwa imeshasogea. Nimelipia masomo nchi ya watu kufundishwa kusoma maji namna hiyo, na huyu mzee hajawahi kuulizwa na mwanamke yeyote wa nyumbani kwake. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kipindi kama kile, mvuvi yuko nchi kavu, anatafuta cha kufanya. Wazee wangu wa mialoni, viongozi wa manispaa yetu ya Kigoma Ujiji, kwa nini wasilipwe kidogo wafundishe akina mama?

Sisi darasa la kuelea tunalianza Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla upepo haujachafuka, hapa hapa Katonga. Baba mdogo na mwenzake mmoja watasimama upande wa kina. Maji hayatapita kiuno, na mchanga pale wameukagua wenyewe, pamoja na kuuliza habari za mamba na kichocho. Ni akina mama watupu, kaka zangu mtusamehe. Njoo na nguo ya kubana, kanga ya kujikausha, na dumu tupu la lita tano lililofungwa vizuri la kushikilia wakati wa kujifunza. Lakini dumu hilo ni la darasani tu, kwenye boti unavaa jaketi. Ambaye Jumamosi haimfai aandike hapo chini siku inayomfaa, nipo Kigoma hadi mwisho wa mwezi.