Maorki Wanakula Nini?

Ndugu wasikilizaji, madaftari mengi ya waongoza michezo ya kuigiza mezani kuhusu maorki, wale viumbe wa kubuni wenye chonge, huanza na mungu wao wa vita, na hapo ndipo yanapoharibika. Mungu atakuja baadaye. Kwanza tuulize wanakula nini.

Tupige hesabu. Kundi la maorki 60, kila mmoja na nusu kilo ya nyama kwa siku, linakula kilo 30. Mbuzi wa kawaida akichinjwa hutoa kama kilo 12, mifupa ikiwemo. Basi ni mbuzi wawili na nusu kila siku, zaidi ya 900 kwa mwaka. Wanatoka wapi? Ukisema wanavamia vijiji, kijiji kilichovamiwa mara mbili, safari ya tatu utakuta majivu tu, watu wameshahama. Jeshi la maorki 500 wanaokaa pangoni bila zizi wala shamba halisimami, na wachezaji huligundua upesi. Wape maziwa, uyoga wa pangoni, samaki wa kukausha, chumvi ya kuwauzia majirani. Ukishawapa chumvi tu, zimekuja njia za misafara, ushuru, madeni na ugomvi.

Baada ya tumbo, macho. Katika toleo la tano la mchezo wa Dungeons & Dragons, kwa sheria za 2024, orki huona gizani hadi futi 120, yaani kama mita 36, lakini rangi hazioni: kila kitu ni kijivu. Watu wengi huipita sheria hii ndogo. Bendera nyekundu pangoni ni kitambaa tu. Alama zao ziwe za kushikika: makovu, mbao za kuchonga, mafundo. Chukua kamba ya deni, iliyosokotwa kwa manyoya ya mbuzi. Fundo nene ni mbuzi mmoja, fundo jembamba ni mwezi uliopita bila malipo, na ncha iliyounguzwa ina maana deni limerithiwa na mtoto. Mchezaji akiipapasa kamba hiyo kiunoni mwa maiti, ameshapata kisa cha vikao vitatu. Na kama umewafanya watu wa usiku, siku yao ianze jua linapozama, kama ilivyo kwa Waswahili. Hilo halihitaji maelezo mezani kwetu.

Majina nayo yatokane na mdomo. Orki mwenye chonge za chini zilizotokeza nje hawezi kukutanisha midomo vizuri, kwa hiyo p, b na m zinamtoka kwa shida. Mwachie k, g, r, z, t, d, n na h. Garzok anatamkika, Bambumo ni jina alilobandikwa na wageni, na huenda ni tusi.

Kosa linaloudhi kuliko yote ni kuwavika maorki shuka nyekundu, mkuki na ngoma, kisha kuwaita washenzi. Mwaka 2020 wachapishaji wa mchezo huo wenyewe walikiri kwamba maelezo ya maorki yalifanana na maneno ya kudhalilisha watu halisi. Kitabu cha wachezaji cha 2024 kimewaweka kati ya wahusika wa kuchagua. Kwa mfugaji halisi chukua sababu zake, kwa nini anahama, kwa nini anahesabu kwa njia fulani. Vazi lake muachie mwenyewe.

Usiwafanye wote wakubaliane pia. Wazee wanasema kamba ya marehemu haikatwi. Vijana wanaouza chumvi kwa wanadamu wanataka deni life na mwenyewe. Ugomvi mmoja wa namna hii unatosha. Kurasa kumi za vita vya kale hakuna atakayezisoma.

Andika ukurasa mmoja, kisha uwapeleke sokoni usiku. Wachezaji wa kibinadamu watawasha taa, maana hawaoni. Waache wawashe. Muuza chumvi atafunika kamba zake kwa haraka, kwa kuwa sasa soko zima linaweza kuhesabu mafundo kutoka mbali, na mteja wake ataondoka bila kuaga.