Korona Mezani: Kulirudisha Jengo la Mkonge kwa Milimita

MPWA: Assalaam aleikum wasikilizaji, karibuni tena. Tuko Ngamiani, hapa Tanga, sebuleni kwa mjomba, na leo mezani hakuna vikombe. Kuna ghala. Shikamoo mjomba.

MJOMBA: Marahaba mwanangu. Chai nimeihamishia kwenye kigoda, maana maji na kadibodi havipikwi chungu kimoja.

MPWA: Kwa aliyejiunga nasi leo: tunajenga kwa mikono mfano wa korona ya mkonge pamoja na ghala lake. Vilikuwa kwenye shamba moja kati ya Pongwe na Muheza, ubavuni mwa reli. Jengo lenyewe halipo tena. Mabati yalikwenda, mbao zikafuata, halafu kuta. Mfano utakaa kwenye reli yetu ndogo, na kila kitu tunakigawa kwa 87. Milimita 87 za kweli ni milimita moja hapa mezani.

MJOMBA: Niseme kwanza korona ni nini, kwa sababu vijana wa leo neno hilo wanalijulia ugonjwa. Kwetu Tanga ni mashine ya kukwangua jani la mkonge, na jengo lenyewe likaitwa hivyohivyo. Jani linalazwa kwenye meza, mkanda unalipeleka, ngoma yenye visu butu inalipiga na kulikwangua huku maji yanamiminwa. Upande wa pili zinatoka singa mbichi, yaani nyuzi zenyewe za mkonge. Kilo 100 za majani zinakupa kama kilo 4 tu za singa kavu. Nyingine zote ni maji na makapi, yanashuka na mfereji. Ile harufu! Ulikuwa huhitaji kuuliza umefika wapi.

MPWA: Na reli?

MJOMBA: Reli na mkonge vimelelewa pamoja. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka hapa Tanga, na mwaka huohuo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Mingi ilifia njiani, ikasalimika 62. Reli ilifika Muheza 1896, ikafika Mombo 1905, na mashamba yakaifuata. Mwaka 1964 nchi ilitoa kama tani 230,000 za mkonge. Sasa fikiria marobota yote yale yalipitia milango ya maghala kama hili. Ndiyo maana mimi siwezi kuliona ghala kama boksi la kuremba kando ya treni.

MPWA: Hilo ndilo tulilogombania mwezi mzima. Mimi nilianza na kuta. Nikakata kadibodi, nikachora madirisha, likapendeza. Mjomba akalitazama akaniuliza, "Toroli inaingilia wapi?" Sikuwa na jibu.

MJOMBA: Si kukukatisha tamaa, mwanangu. Jengo la kazi linaanzia kwenye kazi. Ukijua mzigo unaingia wapi, unatokea wapi na nani anaunyanyua, kuta zinajipanga zenyewe.

MPWA: Basi tuwaeleze tulivyopata vipimo, kwa sababu ramani hatukuwa nayo. Tulikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza msingi wa zege uliobaki porini. Cha pili picha moja ya familia, wafanyakazi wamepangwa mbele ya ghala. Cha tatu kumbukumbu ya mjomba.

MJOMBA: Na ya bibi yako, aliyekuwa kwenye kuanika. Mengi niliyoyasema mimi aliyasema yeye.

MPWA: Kweli kabisa. Msingi ulikuwa rahisi: tepu, panga la kufyekea, daftari. Kazi ilikuwa kwenye urefu wa kwenda juu. Pichani kuna mzee amesimama, nikamkadiria mita 1.70, nikampima kwa rula, nikaupima ukuta nyuma yake, nikapata mita 3.4. Nikagawa kwa 87, milimita 39. Nikajenga. Nikasogeza behewa letu kwenye njia ya pembeni, na paa la behewa likagonga ukingo wa paa la ghala.

MJOMBA: Behewa likagoma kuingia.

MPWA: Nilikaa nikalitazama muda mrefu. Kosa lilikuwa mzee yule. Amesimama hatua kadhaa mbele ya ukuta, karibu na kamera, kwa hiyo anaonekana mkubwa na ukuta nyuma yake unaonekana mfupi. Rula lazima isimame pale pale kilipo kitu unachokipima.

MJOMBA: Na rula ilikuwamo pichani siku zote. Reli! Reli ya Tanga ni ya mita moja, milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, haibadiliki. Pichani njia ya pembeni inakuja kumalizikia miguuni mwa ghala, imeelekea kwenye kamera. Nikamwambia, pima pale inapokomea.

MPWA: Nikapima. Mita moja ya reli ilikuwa milimita 9 kwenye picha. Nguzo iliyo palepale, kutoka chini hadi kwenye ukingo wa paa, milimita 41. Gawanya, unapata mita 4.5 na ushei. Mezani ni milimita 52. Tofauti ya milimita 13 na lile la kwanza. Likaingia behewa, likabaki na nafasi juu, kama ilivyo pichani.

MJOMBA: Na jukwaa la kupakilia likakaa sawa na sakafu ya behewa. Mpakizi anavuta robota moja kwa moja, hanyanyui. Hapo ndipo nilipoliamini.

MPWA: Lakini kumbukumbu nayo ilitusumbua kwa upande wa korona. Ulikuwa umesema toroli, vile vigari vya reli vya kuletea majani, zilikuja juu ya ardhi tambarare.

MJOMBA: Nilisema hivyo, na niliamini.

MPWA: Nikajenga hivyo. Zege la kufungia mashine tulilipima sisi wenyewe, bolti zake nne bado zimesimama, zimekula kutu mpaka zimekuwa nyembamba kama penseli. Nikaweka mashine juu ya zege, nikaweka meza ya majani mbele yake, nikamsimamisha mtu wa milimita 20. Meza ikamfika kidevuni. Mtu gani angepakua majani siku nzima anayainua hadi kidevuni?

MJOMBA: Nikanyamaza siku mbili. Halafu nikakumbuka kwamba tulipokuwa watoto tulidandia toroli tupu zikiwa zinashuka kutoka korona. Zinashuka! Kama zilishuka, basi kulikuwa na mlima wa kuzipandisha. Tukarudi shambani, tukafyeka upande ule, tukalikuta tuta la udongo limefunikwa na majani, na ndani yake vipande vya mataruma ya chuma.

MPWA: Kwa hiyo toroli zilipanda tuta, zikafika usawa wa meza. Picha haikuonyesha hilo, hatukulisoma popote, na wewe mwenyewe ulikuwa umelisahau. Tulilijua kwa sababu mtu wa milimita 20 hakufikia meza.

MJOMBA: Mimi hilo limenigusa sana.

MPWA: Tuingie kwenye bati, maana wengi wanauliza. Bati la migongo midogo lina milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo. Gawanya kwa 87, haifiki milimita moja. Kuchora kwa kalamu hakutoshi, jua likipiga ubavuni hupati kivuli. Tulichofanya ni kuchukua sahani za foili, zile za kufungashia chakula. Unakata upande ulio bapa, unaulaza juu ya kandambili kuukuu. Kisha unachukua bolti ndefu ya milimita 5, ambayo meno yake yameachana milimita 0.8, unaiviringisha juu yake kwa kukandamiza. Foili inatoka na migongo. Ukiigeuzia mwanga unaliona bati.

MJOMBA: Lakini waambie kuhusu upande.

MPWA: Naam. Meno ya bolti yanazunguka kama ngazi ya mnara, kwa hiyo mistari haitoki imenyooka na ukingo wa foili, inalala upande kidogo. Shiti yangu ya kwanza niliikata kwa kufuata ukingo, paa zima likaonekana limeinama. Viringisha kwanza, halafu kata kwa kufuata mstari. Na kata bati mojamoja, upana wa milimita 7 hivi, ulipandishe moja juu ya jingine kama fundi anavyofanya. Ukibandika foili moja kubwa, jicho linakataa.

MJOMBA: Kutu nayo ni ya Tanga, haina haraka na haina huruma. Tunapaka kwanza rangi ya kahawia na ya chungwa. Ikikauka tunailowesha kidogo, tunanyunyiza chumvi ya mawe, tunaiacha igande. Juu yake tunapuliza rangi ya bati. Baadaye unasugua chumvi kwa kidole, inabanduka, na kutu inachungulia kutoka chini. Chumvi iliyokula bati la kweli ndiyo inayotuchorea kutu hapa mezani.

MPWA: Mimi nilidhani uwanja wa kuanikia ndio utakuwa rahisi kuliko yote. Singa si zipo! Nikachukua kamba ya mkonge, nikaichambua, nikazitundika kwenye waya.

MJOMBA: Nikamwambia hayo ni mabomba.

MPWA: Singa moja ina unene wa kama milimita 0.2. Zidisha kwa 87, ni milimita 17, nene kama kidole. Mezani palionekana kama pameanikwa fito. Mkonge wa kweli haukukubali kuwa mkonge. Tukajaribu nyuzi za mifuko, zinang'aa mno. Mwisho ni pamba ya hospitali. Tunaichana taratibu kwa kitana cha meno membamba, tunaitia maji ya chai ya rangi yaliyopoa, tunaitundika mshikomshiko. Bibi alikuja kuangalia.

MJOMBA: Alivuta kiti, akaangalia waya ule wa kwanza, akasema tumetundika nene mno katikati, hazitakauka. Akachukua kibano chako akaanza kuzitandaza mwenyewe. Waya mzima. Mkono ulikuwa unatetemeka lakini vidole vilijua.

MPWA: Waya ule sitaugusa tena. Nyingine zote nimezifuatisha huo.

MJOMBA: Sema na ukubwa, wasije wakadhani tuna ukumbi.

MPWA: Meza ni mita 1.2 kwa sentimita 60. Ukizidisha, ni mita 104 kwa 52 za shamba. Haitoshi. Tumeubana uwanja wa kuanikia, umebaki theluthi. Korona na ghala hatukuvipunguza hata kidogo. Njia ya treni ina upana wa milimita 11.5, mataruma ni vijiti vya mishikaki, kokoto ni mchanga wa Raskazone uliochekechwa na kuoshwa.

MJOMBA: Kuoshwa mara tatu. Chumvi ikibaki inakula reli ya waya wa shaba, inaota ukijani.

MPWA: Limebaki jambo moja, na tunawaomba mlio na wazee waliofanya kazi za mkonge mtusaidie. Kengele.

MJOMBA: Kilikuwa kipande cha reli, kimetundikwa kwa mnyororo, kinagongwa kwa bolti. Alfajiri kabisa, giza bado. Sauti yake naisikia hata sasa, ile ya kwanza nzito halafu inavuma. Lakini kilining'inia upande gani wa korona, kwa mfereji au kwa tuta, mwanangu, nimefumba macho usiku mwingi na sipaoni. Sisi tulikuwa kitandani kilipogongwa. Tuliisikia tu.

MPWA: Bibi naye anasema ni kwa mfereji, kesho yake anasema kwa tuta. Kipande nimeshakitengeneza, milimita 7, nimekikwangua kutoka kwenye waya bapa. Nimetoboa tundu pande zote mbili. Kipo kwenye kifuniko cha dawa pale, kinasubiri.