Kidole Kwanza, MRI Baadaye

Mwenyekiti, matabibu, wauguzi, na ninyi ndugu zangu mliokuja na miguu yenu inayouma, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie kipimo cha MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, na maumivu ya wayo. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili kliniki na wodini, na nitalisema tena kwa sababu bado halijaingia. MRI haiwezi kukuambia kwa nini mguu wako unauma mpaka kwanza mtu awe ameushika huo mguu. Aushike ukiwa hauna kiatu wala soksi, aubonyeze, aulize, akusimamishe, akutazame ukitembea. Baada ya hapo ndipo mashine inapata kazi ya kufanya.

Wayo umeundwaje sitaeleza, mabango yapo ukutani. Kumbukeni tu kwamba wayo mmoja una mifupa 26 na maungio 33, na kano na ligamenti, yaani nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa, zaidi ya 100 zimebanana humo humo. Ukihama sentimita mbili umeshahamia kwenye ugonjwa mwingine.

Nichukue mfano mmoja. Alikuja mama, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima. Kisigino cha kulia kilikuwa kinamsumbua tangu masika. Kabla sijamaliza kumwamkia ameshaniwekea mezani bahasha kubwa ya picha za MRI na CD juu yake. Nikamwambia, "Shikamoo mama, naomba kwanza uvue viatu." Akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Marahaba. Lakini Daktari, majibu si yamo humo?"

Ripoti nilishaiona. Ilitaja mambo matano. Plantafasia, yaani ule ukanda mgumu unaotoka kisiginoni kwenda kwenye vidole, imenenepa. Kuna kimfupa kimechomoza chini ya kisigino. Kuna maji ndani ya mfupa wa kisigino. Kuna maji kidogo kuzunguka kano moja ya kifundo. Na huko mbele, kati ya kidole cha tatu na cha nne, kuna kivimbe cha neva, yaani mshipa wa fahamu, kinachoitwa kivimbe cha Morton. Mahali alikotoka alikuwa ameambiwa kivimbe kitolewe na kimfupa kichongwe. Mama wa watu hajalala siku kadhaa, ameshaanza kutafuta mwalimu wa kumshikia darasa.

Nikamuuliza, "Kinauma zaidi wakati gani?" Akasema, "Asubuhi. Nikishuka kitandani, hatua za kwanza nashika ukuta. Nikifika jikoni kimepungua. Nikikaa kusahihisha madaftari halafu nikainuka, kinarudi." Nikauliza, "Na huku mbele kwenye vidole, ukivaa kiatu cha kubana, hupati ganzi, hupati moto?" "Hata kidogo."

Nikaubana wayo wake pembeni huku na huku, nikabonyeza katikati ya kidole cha tatu na cha nne, mahali pale pale penye kivimbe cha kwenye ripoti. Kimya. Nikamwuliza kama panauma, akasema hapana. Kisha nikakunja vidole vyake kuelekea juu, ukanda wa unyayo ukakaza, na kidole gumba changu nikakipeleka upande wa ndani wa kisigino, pale ukanda unapojishikiza kwenye mfupa. Aliruka akanikamata bega. "Hapo hapo, Daktari!"

Basi. Ugonjwa umejulikana. Ni ugonjwa wa plantafasia, sababu inayoongoza kwa maumivu ya kisigino kwa watu wazima, na hutambuliwa kwa masimulizi ya mgonjwa na kwa kidole. Mama huyu kutwa yuko ubaoni na viatu bapa vyenye soli nyembamba, akirudi nyumbani anatembea peku juu ya vigae. Hakuhitaji kisu. Nilimfundisha kunyoosha unyayo kwa taulo kabla ya kushuka kitandani, kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu kwa kuegemea ukuta, kuvaa viatu vyenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, mpaka ndani ya nyumba. Wagonjwa walio wengi hupona hivyo, ingawa huchukua miezi, wakati mwingine karibu mwaka. Inataka uvumilivu, na hilo nalo lazima aambiwe mapema.

Sasa ninyi mtaniuliza, yale mambo manne mengine yalikuwa uongo? Hapana, yalikuwepo kweli. Ila hayakuwa yanamuuma. Kile kimfupa wanacho watu wengi wanaotembea bila shida yoyote. Kivimbe cha Morton, sikilizeni hili: mwaka 1997 watafiti wa Zurich, Uswisi, waliwapiga MRI watu 70 wa kujitolea ambao nyayo zao hazikuwa na maumivu, na asilimia 30 wakakutwa nacho. Karibu mtu mmoja kwa kila watatu! Kama kila kivimbe kinachoonekana kwenye picha kingepasuliwa, wengine humu ukumbini tungekuwa tumeshalazwa. Maji ndani ya mfupa huonekana pia kwa wakimbiaji wasiolalamika chochote. Na maji kidogo kuzunguka kano za kifundo ni kitu cha kawaida.

Madaktari wa mgongo wanalijua hili zamani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994 uliwachukua watu 98 wasioumwa mgongo, na zaidi ya nusu yao picha zilionyesha sahani za uti wa mgongo, zile zinazokaa kati ya pingili, zimevimba kwa nje. Miaka yote hiyo imepita na bado tunawatisha watu kwa picha.

Sababu iko kwenye mashine yenyewe. MRI haitumii mionzi ya eksirei. Ni sumaku kubwa, aghalabu ya nguvu ya Tesla 1.5, ambayo ni kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia, na mawimbi ya redio. Inachosoma ni haidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Kwa hiyo inayaona maji vizuri mno. Popote mwili ulipochokozwa, maji yanaongezeka, na picha inang'aa. Lakini mwili huchokozwa kwa kutembea, kwa kubeba mzigo, kwa umri. Picha inasema hapa kuna maji. Haisemi nani ameyaleta. Ukiituma bila swali, MRI ni kokoro: inakokota dagaa, mwani na chupa za plastiki kwa pamoja, na wewe ndiye unayebaki ufukweni kuchambua.

Tena wayo una matatizo yake ambayo goti halina. Kano zinazoshuka kutoka kwenye muundi hukata kona nyuma ya kifundo. Sehemu ya kano ikilala kwa pembe ya nyuzi kama 55 dhidi ya uga wa sumaku, inang'aa kwenye baadhi ya picha kana kwamba imechanika, ilhali ni nzima kabisa. Mtaalamu wa radiolojia mzoefu anaijua hila hiyo, atalinganisha na picha za aina nyingine au ataulaza wayo kwa namna nyingine. Lakini mgonjwa aliyepewa CD akaenda kuitafsiri mwenyewe nyumbani haijui. Na jambo jingine: ndani ya mashine umelala, mguu haujabeba kitu. Maumivu yako yanakuja ukisimama! Ligamenti za katikati ya wayo zikilegea, mara nyingi eksirei ya bei ndogo iliyopigwa mgonjwa akiwa amesimama ndiyo inayoonyesha mifupa imeachana.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema, "Daktari, bima yangu inalipa, kwa nini nisipige?" Bima italipa picha. Haitakurudishia usingizi, wala haitaondoa ganzi ya kovu la upasuaji ambao hukuuhitaji. Na wasio na bima wanauza mbuzi kulipia kipimo cha laki kadhaa, kisha wanafika kwangu hawana hela ya viatu, na viatu ndiyo dawa.

Mwingine atasema kidole si sayansi. Ni sayansi, na imepimwa. Mwaka 1992 Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni za kuamua nani aliyeteguka kifundo anahitaji eksirei. Kanuni zenyewe ni kidole: bonyeza mfupa nyuma ya vifundo vya pembeni, bonyeza kitako cha mfupa mrefu wa kidole kidogo, bonyeza navikula, mfupa mdogo wa katikati ya wayo upande wa ndani, mwambie atembee hatua nne. Kama hapaumi na anatembea, eksirei ya nini? Kanuni hizo zimejaribiwa nchi nyingi na zimesimama. Kwa hiyo msinidharaulie kidole.

Siipingi MRI. Naitaka sana, kwa wale inaowafaa. Kijana ameanza kwata, au mkimbiaji ameongeza kilomita kwa haraka, sasa mfupa unauma mahali pamoja panapoweza kufunikwa na ncha ya kidole, na eksirei haionyeshi kitu. Ufa wa uchovu wa mfupa unaweza usionekane kwenye eksirei wiki mbili tatu za mwanzo, MRI inauona mapema. Kwenye navikula hasa msicheze, katikati ya mfupa ule damu inafika kwa shida, na kuuchelewesha kunaweza kummalizia mtu riadha yake. Uvimbe unaokua, MRI. Mama ambaye upinde wa wayo unaporomoka na hawezi kusimama kwa ncha ya mguu mmoja, ichunguzwe kano ya tibialisi ya nyuma, ile inayoushikilia upinde huo, kwa ultrasaundi au MRI.

Na mwenye kisukari, hili lilihitaji mhadhara wake peke yake. Wayo umevimba, ni mwekundu, una joto kuliko mwenzake, na hauumi sana: usiseme ni afadhali hauumi. Unaweza kuwa ule ugonjwa ulioelezwa na daktari Mfaransa, Charcot, mwaka 1868, mifupa inasagika na mtu anaendelea kuikanyaga. Aache kuukanyaga siku hiyo hiyo, eksirei ipigwe, MRI ikihitajika ifuate, lakini plasta ngumu ya kuufunga mguu isisubiri foleni ya MRI. Kama kuna kidonda, kichokonolewe kwa kifaa safi kujua kama kinagusa mfupa. Na hata MRI yenyewe hupata taabu kutofautisha Charcot na usaha ndani ya mfupa, kwa hiyo tunarudi pale pale kwa aliyemgusa mgonjwa.

Matabibu, ninyi mnaojaza fomu, nawaomba. Nimeona fomu nyingi mno zilizoandikwa "maumivu ya mguu" na mhuri. Mwenzako wa radiolojia afanye nini na maneno hayo? Andika: upande wa kulia, juu ya wayo, mbele ya kifundo, wiki tatu, anakimbia, nashuku ufa wa navikula. Halafu mwambieni mgonjwa aonyeshe mahali kwa kidole kimoja, na fundi wa picha abandike hapo kidonge cha mafuta ya samaki kwa plasta. Mafuta yale yanang'aa kwenye picha, na anayesoma anajua pa kutazama. Kidonge kimoja cha duka la dawa!

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka: mwenye betri ya moyo, mwenye vipande vya risasi mwilini, fundi wa kuchomelea aliyewahi kuingiwa na chuma jichoni, semeni kabla ya kuingia chumba cha MRI, hata msipoulizwa. Skrubu za mfupa nyingi za siku hizi hazina hatari, ila zitajeni pia, kwa sababu zinaharibu picha iliyo karibu yake. Nyayo za watoto nilizipanga nizizungumze, sitaweza leo. Tuchukue maswali, na kama swali lako ni la mguu wako, vua kiatu kabisa kabla hujafika kwenye kipaza sauti.