Sekunde 30 za Besi: Kumshika, Kumpima na Kumpiga Picha Kabla ya Kumrudisha Ziwani

Wavuvi wenzangu, karibuni. Wengi wenu Jumamosi mtaondoka Nairobi alfajiri, mteremke Mai Mahiu, na ikifika saa mbili mishipi yenu iko majini Naivasha. Leo sisemi lolote juu ya kumnasa samaki. Naanzia pale anapofikishwa ubavuni mwa boti, kwa sababu hapo ndipo besi wengi huuawa na watu walionuia kuwaacha hai. Samaki anaachiliwa, anapiga mkia, anazama, watu wanafurahi. Siku mbili tatu baadaye anaelea kwenye mafunjo, na aliyemvua ameshasahau.

Besi ninayemsema ni yule mwenye mdomo mpana, ambaye ncha ya taya lake la juu inapita nyuma ya jicho. Asili yake ni Amerika Kaskazini. Naivasha alipandwa mwaka 1929. Sasa fikirieni ziwa lenyewe liko wapi: takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 80 ya ile ya Mombasa, kwa hiyo maji yenye joto lilelile hubeba oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano. Samaki aliyepigana na mshipi misuli yake imejaa asidi ya lakti, na anadaiwa oksijeni. Ukimtoa nje wakati huo, zile nyuzi laini za matamvua, ambazo majini hutawanyika, zinalaliana na kugandana. Hapo hapumui kabisa, hata akifungua mdomo namna gani.

Ndiyo maana nawapa hesabu moja tu: sekunde 30 nje ya maji. Ni jumla. Kung'oa ndoano, kupima na picha, vyote vimo humo. Ukiona muda hautoshi, mrudishe kwenye wavu ukiwa ndani ya maji, apumue dakika moja au mbili, ndipo umnyanyue tena. Wavu ulio majini ndio chumba chake cha kusubiri. Mizani, simu, koleo na rula viwe tayari kabla samaki hajatoka; kitu kikikosekana, anayesubiri awe wewe.

Wavu wenyewe uwe wa nyuzi zilizofunikwa mpira. Neti ya nailoni yenye mafundo hukwangua ute na kuchana mapezi. Ute huo ndio kinga yake. Ukitoka, baada ya siku chache utaona ukungu mweupe umeota palepale vidole vilipopita. Kwa hiyo lowesha mikono, na kama umejipaka mafuta ya kukinga jua, yasuuze kwanza. Usimshike kwa taulo. Usimlaze kwenye sakafu ya boti, maana saa sita mchana bati na faiba vinachoma hata nyayo zako. Ukilazimika kumlaza, mwaga maji kwanza, mengi.

Sasa tazameni mkono wangu. Kidole gumba kinaingia ndani ya mdomo wa chini, cha shahada kinajikunja chini ya kidevu. Meno ya besi ni madogo, yanakwaruza tu, hayakati. Kinachokata ni ndoano, hasa za chambo bandia chenye ndoano za ncha tatu: samaki akijitupa mara moja, ncha iliyobaki huru inazama kwenye kiganja chako. Kwa chambo cha namna hiyo mwache wavuni, anza na koleo, mkono ufuate.

Samaki mdogo, chini ya kilo moja, akining'inia wima kabisa kwa taya hapati taabu kubwa. Taabu inaanza pale mtu anapomlaza samaki mzito kwa kuzungusha kifundo cha mkono, uzito wote ukiwa bado kwenye taya. Taya linageuka wenzo, kiungo kinavutika, kano zinachanika. Na besi hula kwa kufungua mdomo ghafla na kufyonza windo pamoja na maji. Akishindwa kuufunga sawasawa, umemrudisha ziwani afe njaa. Kwa hiyo mkono wa pili uko hapa, chini ya tumbo, karibu na pezi la nyuma, nao ndio unaobeba. Ule wa taya unaongoza tu. Vidole visiingie kwenye matamvua kwa hali yoyote.

Ndoano ing'olewe samaki akiwa majini. Ule mwiba mdogo unaorudi nyuma kwenye ncha, ubane kwa koleo kabla hujaanza kuvua. Ndoano itatoka kwa kugeuza mkono mara moja. Ikiwa imemezwa hadi kooni na huioni vizuri, kata mshipi karibu na jicho la ndoano, umwache. Ukiichokoachokoa utamuua kwa uhakika zaidi kuliko ndoano yenyewe, na chuma cha kawaida huoza, ndiyo sababu sipendi ndoano zisizoshika kutu. Akivuja damu nyingi kwenye matamvua, nafasi yake ni ndogo, na kama leseni na kanuni zinakuruhusu kumchukua, mchukue ukamle. Ile desturi ya kumwagia soda kwenye jeraha muiache.

Kupima. Usipitishe kulabu ya mizani kwenye taya wala kwenye matamvua. Tumia mfuko wa kupimia, wa kitambaa laini chenye matundu ya kupitisha maji. Fundi cherehani yeyote wa soko la Gikomba, Nairobi, atakushonea. Uloweshe, utundike kwenye mizani, kisha bonyeza isome sifuri. Mfuko mkavu ukiusawazisha na sifuri halafu ukalowa, maji yake yatahesabiwa kuwa samaki. Mwingize samaki mfuko ukiwa majini, nyanyua, acha maji yachuruzike kidogo, soma, shusha. Boti ikiyumba namba zinarukaruka, na pale Naivasha upepo wa alasiri mnaujua. Chagua mizani inayoshikilia namba ikishatulia. Nyumbani ijaribu kwa pakiti ya unga ya kilo 2. Ikikuonyesha 1.8, usiwaambie watu uzito wa samaki wako mpaka uirekebishe.

Gramu chache si jambo dogo. George Perry alivua besi wa kilo 10.09 kule Georgia, Marekani, mwaka 1932. Manabu Kurita akavua wa kilo 10.12 katika ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Wakahesabiwa kuwa sare kwa rekodi ya dunia, kwa kuwa kanuni ilidai rekodi ya zamani ipitwe kwa takriban gramu 57, na tofauti yao haikufika hata 30.

Asiye na mizani apime kwa futi ya fundi cherehani. Urefu ni kutoka ncha ya mdomo uliofungwa hadi mwisho wa mkia. Mzingo ni pale tumbo lilipo nene zaidi. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, vyote kwa sentimita, ugawanye kwa 28,900. Samaki wa sentimita 40 mwenye mzingo wa 29 anakaribia kilo 1.16. Ni makadirio, lakini si ya kubahatisha.

Picha ni kazi ya watu wawili. Mpigaji awe na jua mgongoni, kamera imefunguliwa, imewekwa kupiga picha mfululizo. Anasema "tayari", ndipo samaki anatoka, maji yakidondoka. Mshikaji apige magoti, ili akiponyoka asianguke kutoka kimo cha kifua. Inua kofia, kivuli chake huficha uso. Na tafadhali, msinyooshe mikono mbele ili samaki aonekane mkubwa: mikono ikinyooka huchoka, na akianguka anaumia yeye. Ukiwa peke yako, mpige picha akiwa wavuni.

Kumrudisha. Akiwa na nguvu, mwachie mara moja. Akilegea, mshike wima, umsogeze polepole mbele, maji yaingie mdomoni na kutokea kwenye matamvua. Usimsukume mbele na nyuma. Matamvua yameumbwa kupitisha maji upande mmoja. Ngoja mpaka ajivute mwenyewe. Anayelala ubavu juu ya maji ataonwa na furukombe kabla hujafunga koleo, maana Naivasha ndege hao wamezoea kutupiwa samaki na manahodha wa boti za watalii. Hayo yote yafanyike mbali kidogo na mafunjo, mnapoliona eneo lote, kwa sababu ya viboko.

Mwachie palepale ulipomvulia. Dume la besi ndilo linalolinda mayai na vifaranga. Kila dakika anayokuwa mikononi mwako, samaki wengine wanakula kiotani. Na kwa wanaovua maji ya kina kando ya kisiwa cha Crescent: samaki akipandishwa haraka kutoka mita 10 au zaidi, kibofu chake cha hewa hutanuka, tumbo huvimba, na hawezi kuzama. Kumtoboa kwa sindano kunahitaji mtu aliyefunzwa. Mkishavua mmoja wa namna hiyo, hamisheni boti kwenye maji mafupi.