Mgeni Asiyepiga Hodi

Asanteni. Kila nikitaja kazi yangu harusini au msibani, kuna atakayenivuta pembeni: "Daktari, vipimo vyangu vya homoni viko sawa, mbona sishiki mimba?" Mara nyingine tatizo liko kwa mume, ila hilo huulizwa kwa sauti ya chini zaidi. Leo nataka tumwangalie yule ambaye kipimo cha damu hakimwoni: anayeipokea homoni.

Homoni nyingi zina adabu. Insulini hufika kwenye utando wa seli, ikapiga hodi, ikapokelewa mlangoni, na ujumbe ukapelekwa ndani na wengine. Estrojeni na projesteroni hazina mambo hayo. Zimetokana na kolesteroli, kwa hiyo ukuta wa mafuta wa seli zinaupenya tu. Ndani zinamkuta mwenyeji, protini tunayoiita kipokezi cha kiini. Wakishikana, kipokezi hubadilika umbo, kikakaa juu ya DNA na kuamuru jeni hizi ziwake, zile zizime. Binadamu tuna vipokezi 48 vya ukoo huu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Chicago, mtafiti Elwood Jensen aliwadunga panya majike estrojeni yenye haidrojeni ya mnururisho, apate kuona inakokwenda. Damu iliisambaza mwili mzima. Misuli iliipata ikaiachia. Mji wa mimba uliing'ang'ania kwa saa kadhaa. Tena ilikutwa vilevile ilivyoingia, wakati wengi waliamini kwamba lazima igeuzwe kikemia ndipo ifanye kazi. Jaribio hili nalipenda kuliko mengi yaliyofuata, yenye mashine za bei mbaya. Damu ni ile ile, lakini aliyesikia ni mwenye kipokezi.

Sasa klomifeni. Naona akina mama wa mbele wanacheka, mnavijua: vidonge vya mapacha. Kidonge hiki hakiongezi estrojeni. Kinakalia kiti cha estrojeni, yaani kipokezi chake, kule kwenye ubongo. Ubongo ukidhani estrojeni imeisha, unaisukuma tezi ya pituitari imwage homoni za kupevusha mayai. Yakipevuka mawili, mapacha hao. Kwa ambaye mayai yake hayapevuki ni dawa nzuri sana. Kwa anayeinunua kimyakimya ili apate mapacha wa kupiga nao picha, ovari zinaweza kuvimba, na mimi sioni la kuchekesha hapo.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walieleza kuhusu panya waliozalishwa bila kipokezi cha projesteroni. Majike hao hawakutoa mayai hata walipochochewa kwa homoni, wala mji wao wa mimba haukuweza kujiandaa kubeba kiinitete. Ungewamwagia projesteroni ndoo nzima, ingekuwa kazi bure. Kiinitete chenyewe nacho kina vipokezi vyake. Kimoja, NR5A2, panya akikikosa hufa tumboni karibu siku ya saba.

Mzee pale ameuliza: vitamini A nayo ni ya ukoo huu, basi wajawazito waile kwa wingi? Hapana, mzee wangu. Mwili huigeuza kuwa asidi ya retinoiki, na vipokezi vyake husaidia kupanga viungo vya mtoto, kipi kikae wapi. Huko Texas, mwaka 1933, mtafiti Fred Hale aliandika kuhusu nguruwe aliyenyimwa vitamini A: alizaa watoto 11, wote hawana macho. Upande wa pili, ule wa kuzidi, iko isotretinoini, dawa ya chunusi, ambayo ni ndugu wa asidi hiyo hiyo. Ikimkuta mtoto tumboni inaweza kumharibu moyo, masikio na ubongo. Nyie wa maduka ya dawa, binti akija na chunusi zake, muulizeni habari za mimba kabla ya habari za bei. Kuacha siku kipimo kinapoonyesha mistari miwili ni kuchelewa. Inatakiwa iwe imeachwa angalau mwezi mzima kabla mimba haijatungwa.