Mgonjwa wa Moyo, Mzani na Simu Yake

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie elimu ya mgonjwa kwa njia ya mtandao na ubora wa maisha kwa wenye maradhi ya moyo. Nitabaki kwenye ugonjwa mmoja tu, ule wa moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo, maana huko elimu inahitajika kila asubuhi, mgonjwa akiwa nyumbani peke yake.

Tuanze na mzani. Mgonjwa anaamka, anakwenda haja ndogo, na kabla hajatia kitu mdomoni anapima uzito na kuuandika. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hajanenepa huyo; ni maji yanajikusanya mwilini. Huenda miguu bado haijavimba na ngazi anapanda kama kawaida. Akimpigia daktari au muuguzi wake siku hiyohiyo, pengine ataongezewa dozi ya dawa ya kutoa maji, basi. Akingoja mpaka usiku ashindwe kulala bila mito mitatu, safari ya wodini imekaribia. Sasa niambieni, video ndefu yenye michoro ya vyumba vya moyo inamfundisha hili? Nyingi nilizozitazama hazimfundishi. Moyo zinaueleza vizuri sana, mwenye moyo zinamsahau.

Na hata akifundishika, anahitaji mtu wa kumjibu. Marekani kulikuwa na utafiti wa Tele-HF, uliotoka 2010, wenye wagonjwa 1,653. Nusu yao walitakiwa kupiga simu kila siku na kuijibu mashine kuhusu dalili na uzito, kisha kliniki ikapitia majibu. Baada ya miezi 6, kulazwa na vifo havikutofautiana na wenzao. Wengine hawakupiga hata mara moja, na mimi siwalaumu! Ujerumani, kwenye utafiti wa TIM-HF2 wa 2018, wagonjwa walikuwa 1,571. Waliokuwa wakifuatiliwa walifundishwa, vipimo vyao vikapokelewa na kituo chenye madaktari na wauguzi saa 24. Siku zilizopotea kwa kulazwa ghafla kwa sababu ya moyo au kwa kifo zilikuwa wastani wa 17.8 kwa mwaka, dhidi ya 24.2 kwa wengine. Tafiti hizi zinatofautiana kwa mengi, lakini mimi naegemea kwenye kile kituo.

Ubora wa maisha nao unapimwa. Dodoso la Minnesota, linalojazwa na wagonjwa wa moyo kama hawa, lina maswali 21, alama kutoka 0 hadi 105, na zikipanda hali ni mbaya. Linauliza kuhusu ngazi, usingizi, kujiona mzigo kwa familia. Linauliza pia kuhusu tendo la ndoa, jambo ambalo masomo mengi ya mtandaoni yanaliruka.

Naona mnacheka. Lakini mgonjwa anataka kujua, na mkewe pia. Kwa kawaida, anayepanda ghorofa mbili bila kuhema sana wala kubanwa kifua hana sababu ya kuogopa, ingawa amuulize daktari wake kwanza. Hatari iko kwingine: anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua akimeza sildenafili, yaani dawa ya nguvu za kiume kama Viagra, presha inaweza kuporomoka kiasi cha kumuua. Tunataka akainunue kimyakimya, eti kwa sababu somo letu liliona haya?