Dereva Mzuri Akae Nyuma

Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Nimepewa robo saa, kwa hiyo sizunguki.

Gari limezima njiani, msamaria amesimama, kamba ipo. Nani apande lipi? Karibu kila mara namwona mzoefu anaingia kwenye gari zima, na kijana aliyepata leseni juzi anaachiwa bovu: "Wewe kazi yako kukaa tu." Mimi nasema kinyume. Gari la mbele linaendeshwa kama siku zote, ila polepole. La nyuma halina injini, na injini ndiyo inayosaidia breki na usukani. Ukikanyaga breki mara mbili tatu, msaada uliobaki umekwisha, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unataka mikono ya mkulima. Na huyo wa nyuma ndiye anayefunga breki kwa ajili ya wote wawili: akiona mwenzake anapunguza mwendo, anagusa breki mapema ili kamba ibaki imekaza. Ikilegea, kisha wa mbele akavuta, mnasikia ule mshtuko unaong'oa bampa. Kama breki zenyewe ndizo mbovu, kamba haifai kabisa. Subirini bredauni.

Ufunguo usichomolewe. Uuzungushe hadi taa za dashibodi ziwake, gia iwe frii, hazadi ziwake kama betri ipo. Ukiuchomoa, usukani unaweza kujifunga, na kona haitakungoja.

Sasa wapi pa kufunga. Magari yetu mengi yamekuja yametumika Japani, na mengi yana ringi ya kuvutia inayofungwa kama boliti, nyuma ya kifuniko kidogo kwenye bampa. Hukaa pamoja na jeki. Nendeni mkaangalie leo kama mnayo, maana nyingi zimepotea kabla gari halijafika kwako. Chini ya gari kuna vijicho vingine. Vingi viliwekwa kwa ajili ya kulifunga gari lisisogee melini, si kuvutia. Bampa, shokapu na mikono ya magurudumu, hapana.

Kamba iwe ya mita nne hivi, na katikati mfunge kitambaa chekundu, kwa sababu bodaboda atapenya kati yenu, nawaambieni. Kamba ya nailoni inanyumbuka kidogo, inapunguza mshtuko, mnyororo haunyumbuki. Lakini nailoni ikikatika inarudi kama mjeledi, kwa hiyo wanaotazama wakae mbali, na asiwepo mtu wa kuiruka. Mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Mbele aondoke taratibu mpaka kamba ikaze, ndipo aongeze mafuta.

Wale wa Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa, mnanisubiri, najua. Kitonga kwa kamba, msiteremke. Kwenye mteremko gari la nyuma linataka kulipita la mbele, na breki isiyo na injini haiwezi kulizuia njia nzima. Livuteni hadi pembeni palipo salama, kisha mwite bredauni. Ni ghali, ndiyo.

Na alama zenu: majani ni desturi nzuri, lakini usiku hayang'ai, wekeni pembetatu. Mkimaliza, ondoeni yale mawe mliyozuia magurudumu. Jiwe lililoachwa lamini linamngoja mwingine.

Swali? ... Ameuliza kuhusu otomatiki. Kwenye nyingi, pampu inayozungusha mafuta ya gia huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimika, magurudumu yakizunguka, gia zinasagana bila mafuta ya kutosha. Soma kitabu cha gari lako; mengine yanaruhusu mwendo mfupi wa polepole, mengine hayaruhusu hata kidogo, hasa yanayovuta magurudumu yote manne. Hayo yapandishwe juu ya lori.

Na Fuso, mzee? Kwenye mengi yenye breki za upepo, upepo ukiisha, magurudumu ya nyuma yanajifunga yenyewe. Hilo mwachieni fundi. Haya, tutoke nje, kuna Corolla mbili na kamba. Aliyepata leseni juzi apande la mbele.